Kutunza mapambo ya fedha yaliyotiwa weusi, hatua kwa hatua

Ushauri mwingi wa kusafisha fedha una lengo moja tu: kuondoa weusi wote mpaka kipande kiwake. Ukiufuata kwa bangili yenye nakshi ambazo fundi alizitia weusi kwa makusudi, utakuwa umefuta nusu ya kazi uliyoilipia. Nakshi za fedha zinauhitaji weusi kama macho yanavyohitaji wanja. Ndio unaochora ukingo, unaotenganisha jani na jani, na unaoifanya sehemu iliyoinuka ionekane nyeupe zaidi. Kwa hiyo kutunza mapambo ya aina hii ni kazi ya kuosha bila kufuta: vilima ving'ae, mabonde yabaki meusi.

Hatua ya 1: Jua weusi umetoka wapi

Oksijeni peke yake haiifanyi fedha iwe nyeusi katika joto la kawaida. Kinachoifanya hivyo ni salfa. Hewani huwa kuna kiasi kidogo cha gesi ya haidrojeni salfidi, ile yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na fedha, hasa penye unyevu, hujenga juu yake utando wa salfidi ya fedha. Utando ukiwa mwembamba sana huonekana wa manjano. Ukizidi kukua huwa wa kahawia, kisha zambarau, buluu, kijivu, na mwishowe mweusi.

Fundi hufanya jambo hilo hilo, ila kwa haraka na kwa kukusudia. Hukichovya kipande katika maji ya moto yenye mchanganyiko wa potasiamu na salfa, kikawa cheusi chote, halafu husugua sehemu zilizoinuka mpaka fedha nyeupe itokeze. Weusi hubaki mahali ambapo kitambaa hakikufika: ndani ya mistari, kwenye vitundu, katikati ya misuko ya waya, pembeni mwa kikuta kinachoshika jiwe.

Kutokana na hayo kuna mambo mawili ya kushika, maana mengine yote yanayafuata. La kwanza, weusi wa fundi na weusi uliojitokeza wenyewe sandukuni ni kitu kimoja kikemia. Dawa yoyote inayoondoa huu huondoa na ule. Hakuna dawa inayojua nia ya fundi. La pili, weusi huo ni ngozi tu, nyembamba mara nyingi kuliko unywele. Haukuingia ndani ya madini. Kila kinachokwaruza hupunguza kidogo, na kila kinachokwaruza sana humaliza.

Kipande chenye muhuri wa 925 kina sehemu 925 za fedha kwa kila 1000, na zile 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Fedha tupu ni laini mno kwa pete ya kila siku. Shaba huipa ugumu. Lakini shaba hiyo hiyo hufanya mchanganyiko udhurike upesi zaidi kwa hewa na jasho, ndiyo maana kipande cha 925 huwahi kuwa cheusi kuliko cha 999.

Hatua ya 2: Hakikisha unacho nini mkononi

Si kila pambo la kijivu lenye nakshi nyeusi ni fedha. Mengi yanayouzwa kwa sura hiyo ni shaba ya njano iliyochovywa fedha, au mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki unaoitwa fedha ya Kijerumani, ambao hauna fedha hata chembe. Sisemi ni mapambo mabaya. Mengine ni mazuri kweli. Ila matunzo yake ni tofauti, na nikeli huwawasha baadhi ya watu.

Anza na muhuri. Tafuta 925, 950, 900 au 800 upande wa ndani wa pete, kwenye kibano cha mkufu, au kwenye mshipi wa hereni. Muhuri ni dalili nzuri, si ushahidi wa mwisho, kwa kuwa hata bati linaweza kupigwa muhuri.

Kisha tazama sehemu zinazochakaa: ukingo wa bangili, upande wa pete unaogusa kiganja, tundu la kuning'inizia. Ukiona rangi ya njano au nyekundu ikichungulia chini ya nyeupe, kipande kimechovywa. Fedha halisi ikichakaa huonyesha fedha nyingine chini yake.

Sumaku inasaidia kwa upande mmoja tu. Ikinasa kwenye mwili wa pambo, hapo hakuna fedha ya 925. Isiponasa, hujathibitisha chochote, kwa sababu shaba nayo hainaswi. Na usishtuke kibano cha mkufu kikivutwa peke yake. Ndani yake mara nyingi kuna springi ndogo ya chuma.

Kipimo ninachokiamini zaidi kwa mtu wa nyumbani ni cha mzani na maji. Kinataka mzani unaosoma sehemu za gramu, walau 0.1, na kipande kizito kiasi, kisicho na jiwe wala uwazi ndani. Pima kipande kikiwa kikavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mzani, urudishe namba kwenye sifuri, na ukizamishe kipande kwa uzi bila kugusa kitako wala ukuta wa kikombe. Kitikise taratibu ili mapovu yaliyong'ang'ania yatoke. Namba utakayoisoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa na kipande. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Tuseme bangili ina gramu 31, na ilipozama mzani ukasoma 3.0: jibu ni 10.3, na fedha ya 925 huangukia hapo, kati ya 10.3 na 10.4. Ukisoma 3.6, jibu ni 8.6, na hapo unashika shaba na jamaa zake.

Limebaki swali la weusi wenyewe: ni salfidi au ni rangi? Mafundi wengine hupaka rangi nyeusi au gundi ngumu yenye rangi. Chukua kijiti cha pamba, kiloweshe asetoni kidogo, na usugue mahali pasipoonekana, mbali na jiwe lolote na mbali na gundi. Pamba ikitoka na weusi mzito na bonde likabaki jeupe, hiyo ilikuwa rangi. Salfidi haiyeyuki kwa asetoni. Kuna pia weusi wa rodiamu, unaotambulika kwa kuwa umeenea sawasawa, unang'aa kijivu kizito, na umefunika hata vilima. Huo ni utando wa madini mengine kabisa. Uoshe kwa maji na sabuni, na usiusugue.

Kama kipande chako ni cha kuchovywa, fuata hatua ya kuosha na ya kuhifadhi, basi. Kitambaa cha kung'arisha kitakufikisha kwenye shaba mapema kuliko unavyodhani.

Hatua ya 3: Tofautisha weusi unaotakiwa na usiotakiwa

Sogea penye mwanga wa dirisha na ukigeuze kipande polepole. Weusi wa fundi una mpango. Umekaa mabondeni, una kingo zinazofuata mchoro, na unafanana kushoto na kulia. Weusi wa kujitokezea hauna adabu hiyo: huanza kama ukungu wa manjano juu ya sehemu nyeupe, huwa na madoa, hufuata alama ya kidole cha mtu aliyekishika mara ya mwisho, au huchora mstari pale kilipogusana na kitu kingine sandukuni.

Kuna na aina ya tatu, nayo si weusi kabisa: ni uchafu. Mafuta ya ngozi, losheni, vumbi na sabuni iliyokauka hujaa mabondeni na kufanya tope la kijivu lisilo na mng'ao. Watu wengi hudhani ndio weusi wa fundi na wanaogopa kuugusa. Chokoa kidogo kwa ncha ya kijiti cha meno cha mbao. Kikitoka na utelezi wa kijivu, ni uchafu. Salfidi haitoki kwa kijiti.

Hatua ya 4: Vaa kwa utaratibu

Kuvaa si adui wa fedha iliyotiwa weusi. Mguso wa ngozi na nguo hung'arisha vilima wenyewe, na mabonde hayaguswi. Kipande kinachovaliwa mara kwa mara mara nyingi hupendeza kuliko kilichofichwa mwaka mzima.

Ila pete ni habari nyingine. Pete husuguana na vyombo, usukani, mlango na vidole jirani kutwa nzima, na weusi wa upande wa kiganja huanza kufifia mapema sana. Hereni na kidani huweza kukaa miaka na weusi wake. Ukinunua pete ya namna hii, chagua yenye nakshi za kina. Mistari ya juu juu kwenye pete haidumu, hata fundi awe hodari vipi.

Manukato, losheni na dawa ya nywele vitangulie. Pambo livaliwe mwisho, na livuliwe kwanza. Dawa nyingi za kulainisha au kukunja nywele, pamoja na sabuni zenye salfa, huifanya fedha yote iwe nyeusi kwa muda mfupi. Kuandaa mayai, vitunguu au haradali ukiwa na pete kuna athari hiyo hiyo, kwa upole zaidi. Bwawa la kuogelea na chemchemi za maji ya moto: vua. Klorini huila fedha na kuacha vijitundu visivyosafishika, na chemchemi nyingi zina salfa tele. Dawa za klorini za kuondolea madoa nguoni ni mbaya zaidi kuliko bwawa, kwa kuwa ni kali mara nyingi zaidi.

Kipande kipya kinaweza kukuachia alama nyeusi kidoleni au kwenye kola siku za mwanzo. Hiyo ni salfidi ambayo haikushika vizuri. Kifute kwa kitambaa kikavu cha pamba mpaka kitambaa kitoke safi. Alama nyeusi pia inaweza kutokana na poda ya ngozi: baadhi ya poda zina chembe ngumu za madini zinazoikwaruza fedha, na unga wake ukiwa laini sana huonekana mweusi. Rangi ya kijani kwenye ngozi ni ya shaba iliyokutana na jasho. Haina madhara na hutoka kwa sabuni. Upele na muwasho usipuuze. Pengine ni nikeli, na dawa yake ni kuacha kukivaa.

Hatua ya 5: Osha

Hii ndiyo kazi utakayoifanya mara nyingi, na kwa vipande vingi inatosha kabisa.

Ziba tundu la sinki kwanza, au tumia bakuli. Weka maji ya vuguvugu na tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na limau wala chembe za kukwangulia. Loweka kipande kwa dakika mbili tatu tu, kama hakina mawe. Chukua mswaki wa mtoto, wenye nywele laini kabisa, na upitishe kwa kufuata mistari ya nakshi, si kwa kuikata. Geuza, osha na mgongo, maana nyuma ya jiwe na ndani ya viungo vya mnyororo ndimo mafuta yanamolala. Ukiona povu limegeuka kijivu, usihofu. Hilo ni tope la losheni, na weusi wa fundi haujaenda popote.

Suuza kwa maji mengi safi. Sabuni iliyobaki mabondeni hukauka kama chaki nyeupe, na juu ya weusi inaonekana vibaya sana. Kisha kandamiza kwa taulo laini, usisugue. Mwishoni kiache juu ya kitambaa kikavu kwa saa kadhaa, au kipulizie kwa kikaushia nywele kwenye upepo baridi. Sitaki kuliharakisha jambo hili la kukausha: unyevu ulionaswa ndani ya misuko ya waya ndio unaoanzisha madoa mapya, nawe ukadhani umeosha vibaya.

Mswaki wenyewe usiwe uliokwisha kutumika na dawa ya meno. Mabaki yake yanatosha kukwaruza.

Hatua ya 6: Ng'arisha vilima peke yake

Baada ya kuosha, kama sehemu zilizoinuka bado zina ukungu wa manjano, sasa ndipo kitambaa cha kung'arishia fedha kinapoingia. Vitambaa hivi huwa na unga laini wa kusugulia uliofumbatwa ndani yake. Usivioshe, na usishangae vikiwa vyeusi, bado vinafanya kazi.

Kosa la kawaida ni kukikunja kitambaa kikawa laini na kukipitisha kila mahali kwa kidole gumba. Kidole ni laini, hivyo kinazama. Kitambaa kinashuka bondeni na kuanza kula weusi. Kinyume chake, kivute kitambaa kikaze juu ya kitu bapa na kigumu, mathalani kipande cha rula ya mbao au ubapa wa kijiti cha aiskrimu. Sasa kinagusa vilele tu. Pitisha kwa mwelekeo mmoja, mguso mwepesi, mara tano au sita, kisha simama utazame. Kwenye bangili yenye maua yaliyofinyangwa utaona jambo la kupendeza: kila petali inaanza kuwaka kwenye ukingo wake wa juu, halafu weupe unateremka polepole kuelekea katikati. Acha kabla haujafika chini. Kijivu kilicho kati ya weupe na weusi ndicho kinacholipa ua umbo lake. Ukikimaliza, utabaki na doa jeupe kando ya mstari mweusi, bila kina chochote.

Fanya hivi mara chache. Kila kupitisha kitambaa ni kuondoa fedha kidogo, na nakshi za mkono hazirudi.

Hatua ya 7: Mbinu za kuepuka kabisa

Ile ya foili ya aluminiamu, soda ya kuokea na maji ya moto ndiyo inayosifiwa zaidi, na kwa kijiko kisicho na nakshi ni nzuri kweli. Aluminiamu huichukua salfa kutoka kwenye fedha. Unasikia harufu ya yai viza, na weusi unatoweka ndani ya dakika chache. Tatizo ni kwamba unatoweka wote, pamoja na wa fundi, hata kwenye bonde ambalo kitambaa kisingefika kamwe. Kipande kinatoka cheupe kilichopauka, kama kwamba hakikuwahi kutiwa kitu.

Dawa za maji za kuchovya fedha hufanya hivyo hivyo kwa sekunde, na tindikali iliyomo huharibu lulu na mawe yenye vinyweleo. Dawa ya meno ina unga wa kukwangua. Limau na chumvi hushambulia shaba iliyo ndani ya mchanganyiko na kuacha masalia mabondeni. Mashine ya mawimbi ya sauti inaweza kulegeza mawe na kumomonyoa weusi usioshika vizuri. Sonara anaweza kuitumia kwa kipande anachokijua, mimi nyumbani siitumii kwa kipande chenye weusi.

Hatua ya 8: Mawe yana sheria zake

Feruzi, lulu, marijani, kaharabu na opali havilowekwi. Vingine hunywa maji na sabuni vikabadilika rangi, vingine hupoteza mng'ao wa juu. Vifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, na mswaki upite kwenye fedha tu. Jiwe lolote lililogandishwa kwa gundi nalo lisiloweke, hata kama lenyewe ni gumu. Utalijua kwa kutazama: kama hakuna kucha wala kikuta cha fedha kinachopanda juu ya ukingo wa jiwe, linashikwa na gundi.

Hatua ya 9: Rudisha weusi uliofifia

Ukiona nakshi zimekuwa nyeupe zote, au umerithi kipande kilichosuguliwa na mtu mwenye bidii kupita kiasi, weusi unarudishika. Njia ya nyumbani ni yai. Inafanya kazi kwa fedha halisi, na kwa salama zaidi kwenye vipande visivyo na mawe.

Maandalizi ndiyo yenye uzito. Osha kipande kama ilivyoelezwa, kisha kifute chote kwa spiriti na pamba. Tangu hapo usikiguse kwa vidole vitupu; kishike kwa tishu. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuzuia gesi, na matokeo yake ni doa jeupe lenye umbo la kidole katikati ya weusi.

Chemsha yai kwa dakika 12 hadi 15. Kadiri linavyochemka ndivyo ute mweupe unavyotoa gesi ya salfa zaidi. Ule mviringo wa kijani unaozunguka kiini cha yai lililoiva kupita kiasi ni salfa hiyo iliyokutana na chuma cha kwenye kiini. Liponde likiwa bado moto, na ganda lake, ndani ya chombo chenye mfuniko wa kubana au mfuko wa zipu. Kipande kiweke juu ya kisahani kidogo humo humo, kisiguse yai, kisiguse ukuta wenye matone ya mvuke. Funga.

Chungulia kila baada ya dakika kumi na tano bila kufungua. Kwanza utaona manjano ya asali, kisha kahawia. Hapo watu wengi hukata tamaa kwa kuwa rangi haivutii, vumilia. Kijivu kizito huja baada ya saa kadhaa, na ukitaka zaidi, badilisha yai. Fungua dirisha kabla ya kufungua chombo. Yai hilo si la kuliwa.

Ukiridhika, osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kausha, halafu rudi kwenye hatua ya sita ya rula na kitambaa, uvitoe vilima. Weusi wa yai ni laini kidogo na una ukahawia kwa mbali, tofauti na ule mzito wa fundi. Binafsi naupenda zaidi kwa vipande vya kale, maana hauonekani wa jana.

Mchanganyiko wa potasiamu na salfa unaotumiwa na mafundi hupatikana kwa wauza vifaa vyao, na hufanya kazi kwa dakika. Ukiamua kuutumia, fanya nje au penye hewa nyingi, vaa glavu, tumia chombo kisichorudi jikoni, na usiukutanishe kamwe na tindikali ya aina yoyote, hata siki, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Kipunje cha ukubwa wa njegere kinatosha kikombe cha maji ya moto yasiyochemka. Chovya kwa sekunde chache, suuza kwa maji baridi, tazama, rudia. Tabaka nyingi nyembamba hushika. Tabaka moja nene hubanduka kama maganda. Malizia kwa kukitia katika maji yenye soda ya kuokea ili kazi ikome.

Baada ya hapo unaweza kupaka nta ngumu isiyo na rangi, ile inayotumiwa na watunza makumbusho kwa madini: kiasi kidogo mno, kwa kitambaa, kisha futa mpaka mguso uwe mkavu. Huchelewesha kuchakaa na inaweza kupakwa tena. Laka ya kupulizia siipendekezi kwa pete wala bangili. Itabanduka vipande vipande, na kila penye kidonda fedha itakuwa na doa lake.

Hatua ya 10: Hifadhi

Mfuko wa plastiki wa zipu, kipande kimoja kwa mfuko, hewa imekamuliwa nje kabla ya kufunga. Hicho tu ni zaidi ya nusu ya kazi. Chagua plastiki laini isiyo na harufu. Ile yenye harufu kali ya plastiki mpya inaweza kutoa gesi yenye klorini kidogo kidogo. Ndani tia kipakiti cha silika cha kunyonya unyevu, au kipande cha karatasi maalumu ya kunyonya salfa, na ukibadilishe baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa kikishajaa hakifanyi chochote.

Usifunge kwa mpira. Mpira hukazwa kwa salfa kiwandani, na utepe wa mpira uliozungushiwa bangili utachora mstari mweusi hata kupitia karatasi. Sufu nayo ina salfa ndani ya nyuzi zake, hivyo masanduku yenye bitana ya sufu si makao mazuri ya fedha. Bafuni pia hapafai, kwa ajili ya mvuke. Minyororo ifunge vibano kabla ya kuiweka, vinginevyo utaifungua mafundo ukiyavuta, na pale unapovuta ndipo kiungo chembamba kinapokatika.

Hatua ya 11: Kabla hujamwachia sonara

Kiungo kilichofunguka, kucha ya jiwe iliyolegea, au pete inayotaka kupanuliwa ni kazi ya sonara, si ya nyumbani. Kumbuka kwamba moto wa kuunganishia huondoa au kubadilisha weusi wa eneo zima, na baada ya kuunganisha kipande kwa kawaida hutiwa kwenye tindikali ya kusafishia, kisha gurudumu la kung'arisha. Sonara anayepokea pete ya fedha bila maelezo atairudisha ikiwaka kama kioo na atajiona amekutendea wema. Mwambie tangu mwanzo kwamba weusi ni sehemu ya pambo, muulize kama anaweza kuurudisha baada ya moto, na umpe picha uliyoipiga karibu kabla hujakiacha, yenye kuonyesha mabonde yapi ni meusi na vilima vipi ni vyeupe.